Kuuza Chombo na Amana ya Jina

Khutba ya Kwanza

Shukrani zote na sifa njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyetuumba na kuturuzuku, akatutiishia vipando vya nchi kavu na vyombo vya baharini, tukavitumia kwenda kutafuta riziki zetu na kuwazuru jamaa zetu. Tunashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye, na tunashuhudia kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Ewe Mola, mteremshie rehema na amani, yeye na jamaa zake na masahaba zake, na kila aliyeufuata mwendo wao kwa wema mpaka siku ya malipo.

Ama baad. Enyi Waislamu mliohudhuria msikitini, nanyi ndugu zetu mnaotusikiliza kwa redio majumbani na makazini: naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nakuusieni nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Na kumcha Mungu hakukomei katika sala na saumu. Kumo pia sokoni, dukani, gereji na bandarini. Kumo mahali popote ambapo mkono wa mtu mmoja unatoa na mkono wa mwingine unapokea.

Khutba yetu ya leo ni juu ya jambo ambalo wengi wetu hulihesabu dogo, na wengine hawalihesabu kuwa ni la dini kabisa. Jambo lenyewe ni kuuziana gari, pikipiki au mashua, kisha kuliacha jina la muuzaji pale pale lilipo katika daftari la serikali.

Nyote mnajua namna mambo hayo yanavyokwenda. Bei hupatanwa, fedha huhesabiwa, ufunguo hutolewa, na watu hupeana mikono. Muuzaji humwombea mwenzake baraka, na mnunuzi huondoka na chombo chake. Lakini kitabu cha gari, ambacho wengi hukiita logibuku, hubaki na jina la yule wa kwanza. Mnunuzi husema, "Nitalihamisha jina mwezi ujao, nikipata ada." Mwezi huwa mwaka, na mwaka huwa miaka. Baadaye naye huliuza gari lile kwa mtu wa tatu, na wa tatu kwa wa nne, na jina kitabuni ni lile lile la mtu ambaye hata rangi ya gari amekwisha isahau.

Ukimwuliza mmoja wao kwa nini amefanya hivyo, hukujibu: "Sheikh, biashara yetu imetimia kwa ijabu na kabuli. Hizo karatasi ni mambo ya serikali."

Yapasa tumjibu mtu huyu kwa insafu, kwani nusu ya maneno yake ni kweli. Katika fikihi yetu, kuuziana hutimia muuzaji asemapo nimekuuzia na mnunuzi asemapo nimekubali, kwa kitu kinachojulikana na thamani inayojulikana, na kila mmoja ana akili zake na hiari yake. Hapo milki imehama. Lakini ni nani aliyejua kwamba imehama? Mwenyezi Mungu anajua, na watu wawili wanajua. Mtu wa tatu hajui. Aliyegongwa na gari hilo hajui. Askari wa barabarani hajui. Kadhi anayegawa mirathi hajui. Mtoto yatima aliyeachwa na marehemu hajui. Wote hao hawakuwapo siku mlipopeana mikono. Wao hawana cha kutazama ila daftari, na daftari lenu linawaambia uwongo.

Ndugu zangu, jambo hili la kipando kilichouzwa na watu wasijue lilitokea hata zama za Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Imepokewa katika Sunan za Abu Daud na Nasai kwamba Mtume alinunua farasi kwa bedui mmoja, akamtaka amfuate ili amlipe thamani yake. Mtume akaharakisha mwendo, na bedui akakawia nyuma. Njiani watu wakamkuta bedui na farasi wake, wakaanza kupatana naye bei, nao hawana habari kwamba farasi amekwisha nunuliwa. Bedui akamwita Mtume, akamwambia kama anamtaka farasi na amnunue, la sivyo atamwuza. Mtume akamkumbusha kwamba wamekwisha uziana. Bedui akakana, akataka aletwe shahidi. Ndipo akatokea Khuzayma bin Thabit, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, akashuhudia kwamba kuuziana kumekuwa. Mtume akamwuliza anashuhudia kwa lipi, naye akajibu kwamba anashuhudia kwa kuwa anamsadiki. Tangu siku hiyo ushahidi wa Khuzayma ukahesabiwa kuwa ni sawa na ushahidi wa watu wawili.

Zingatieni kisa hiki, enyi waja wa Mwenyezi Mungu. Biashara ilikuwa sahihi, na mnunuzi alikuwa mkweli kuliko watu wote. Pamoja na hayo, kwa kuwa kipando kilikuwa bado kwa mwenyewe wa kwanza na watu hawakujua, mgogoro ulizuka mchana kweupe. Sisi leo tuna nani wa kusimama mahali pa Khuzayma? Hakuna hata mmoja wetu ambaye watu watamshuhudilia kwa kumsadiki tu. Shahidi wetu katika jambo hili ni daftari, na shahidi huyo tumemwacha bila ya kumwambia kitu.

Tena, ndugu zangu, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, nayo ni aya ya 282 ya Sura ya Bakara, haikuteremka kueleza sala wala Hija. Imeteremka kutufundisha kuandikiana. Imetutaka tuandike deni lenye muda, mwandishi aandike kwa uadilifu wala asikatae, mdaiwa mwenyewe atamke yanayoandikwa, wawepo mashahidi, wala tusione uzito kuandika, liwe deni dogo au kubwa. Ni kweli kwamba aya hiyo imeruhusu watu wasiandike biashara ya papo kwa papo, inayopita mkono kwa mkono. Lakini hata hapo imetaka watu washuhudishe wauzianapo. Baadhi ya wanavyuoni wamesema amri hiyo ni ya lazima, na wengi wao, pamoja na Mashafii, wamesema ni ya kupendekezwa.

Basi nasi tuulize: je, gari ni biashara ya kupita mkono kwa mkono? Samaki na nyanya hupita mkono kwa mkono, na jioni vimekwisha liwa, havina tena mashitaka. Gari huishi miaka kumi au ishirini baada ya kuuzwa. Hutembea barabarani likiwa na nambari ile ile mbele na nyuma, na kila siku linaweza kuokoa roho au kuua. Chombo cha namna hiyo hakiachi kuwa na mwenyewe hata saa moja, na mwenyewe yapasa ajulikane. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na hapa haipotei mali peke yake. Hupotea pia haki za watu.

Wala asiseme mtu kwamba daftari ni jambo la wageni, halimo katika mwendo wa Waislamu. Sayyidna Umar bin Khattab, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, ndiye aliyeanzisha diwani, yaani daftari la kuandikia majina ya askari na watu waliostahiki kupewa fungu kutoka Baitul-Mali. Dola ilikuwa imekua, watu wamekuwa wengi, na kujuana kwa nyuso hakukutosha tena. Masahaba waliliona hilo kuwa ni maslahi ya umma, wakalikubali. Na miji yetu ya leo, Mombasa, Nairobi na Kisumu, ni mikubwa hata jirani hamjui jirani. Haja yetu ya daftari si ndogo kuliko haja yao.

Sasa tutazame sheria ya nchi yetu ya Kenya inasema nini. Sheria ya Barabarani, Sura ya 403, katika kifungu cha 8, inasema kwamba mtu ambaye gari limeandikwa kwa jina lake ndiye atakayehesabiwa kuwa mwenyewe, mpaka kinyume chake kithibitishwe. Kifungu cha 9 kinakataza gari lililohamishwa milki lisitumiwe barabarani zaidi ya siku 14 tangu siku lilipohamishwa, isipokuwa jina la mwenyewe mpya limekwisha andikwa. Na kifungu hicho hicho kinamlazimisha muuzaji aliyeandikwa, katika muda wa siku 7, alete habari ya jina na anwani ya mwenyewe mpya, na hesabu ya maili iliyoonekana katika mtambo wa gari siku hiyo.

Je, kuna chochote hapo kinachopingana na dini? Hakuna. Sheria hiyo haikuhalalisha haramu wala haikuharamisha halali. Imetaka ukweli uandikwe kwa wakati wake. Na kila aliyeliandikisha gari kwa jina lake na kupewa nambari amekwisha ingia katika sharti hiyo kwa hiari yake, na Mtume wetu ametufundisha kwamba Waislamu hawana budi kuyatimiza masharti waliyoyakubali.

Enyi Waislamu, tumesema kwamba haki za watu hupotea. Na tuzitaje haki hizo, ili mtu asidhani kwamba ni maneno ya kutisha tu.

Haki ya kwanza ni ya mtu wa barabarani, ambaye hakuuza wala hakununua. Tuchukue mfano. Mtu anauza pikipiki kwa mwenzake; huyo anaiuza kwa wa tatu; wa tatu anaiuza kwa kijana wa bodaboda. Jina ni lile la mtu wa kwanza. Usiku mmoja kijana anamgonga mama mmoja anayevuka njia akirudi kuuza maandazi yake, anamvunja mguu, kisha anatoroka. Nambari ya pikipiki imeonekana. Watoto wa yule mama wanakwenda kuuliza, na daftari linawapa jina la mtu wa kwanza. Huyo anaapa kwamba si yake. Anamtaja wa pili, lakini hana karatasi. Wa pili amehama mji. Wa tatu hajulikani kwa jina lake kamili. Sheria ya nchi imeweka miaka 3 ya kulipeleka mahakamani dai la mtu aliyeumizwa, na miaka hiyo inakwenda katika kuulizana fulani yuko wapi. Mama amelazwa, biashara yake imekufa, na watoto wametolewa shule.

Ni nani aliyemdhulumu mama huyu? Kijana aliyemgonga amemdhulumu bila shaka. Lakini hata wale watatu wengine, kila mmoja ameikata kamba moja katika zile ambazo yule mama angelizishika apate haki yake. Hawakumgonga, ila wamemficha aliyemgonga. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alituonya juu ya mtu atakayefika Siku ya Kiyama na sala zake na saumu zake na zaka zake, kisha mema yake yakagawiwa wale aliowadhulumu mpaka yakamalizika. Nani kati yetu angependa kumkuta mtu asiyemjua siku hiyo, amesimama akimdai mguu uliovunjika?

Na tukumbuke habari ya bima. Bima ni mapatano baina ya kampuni na mtu aliyeikata. Mtu huyo akiliuza gari, mapatano yale hayamfuati mnunuzi kwa kuwa tu karatasi yake imebandikwa kiooni. Mnunuzi huendesha akijiona amekingwa, kumbe yumo uchi katikati ya mvua. Na aliyeumizwa naye huambiwa kwamba gari lile halina wa kulilipia.

Haki ya pili ni ya muuzaji mwenyewe na jamaa zake. Gari aliloliuza likitumiwa katika wizi au kuchukua mihadarati, mlango unaogongwa usiku ni wake. Anaweza kujitetea, kwa kuwa sheria imemruhusu kuthibitisha kinyume. Lakini atathibitisha kwa nini, naye hana hati wala shahidi? Atalipa mawakili na kwenda mahakamani siku baada ya siku, kwa ajili ya chombo ambacho thamani yake amekwisha ila zamani. Na nafsi haikuamrishwa kujitia katika maangamizo.

Haki ya tatu ni ya warithi, na hii ndiyo nzito. Mtu ameuza gari, amekwisha pokea fedha zote, naye akafa kabla ya kuhamisha jina. Mjane anafungua sanduku, anakuta daftari la serikali linasema kwamba gari ni la marehemu. Linahesabiwa katika tirka, na Kadhi anagawa kwa kile alichokiona. Siku ya pili anakuja mnunuzi. Akinyang'anywa gari, amedhulumiwa. Akiachiwa, mayatima wanaona mtu amechukua mali ya baba yao. Na pengine mambo huwa kinyume: anayekufa ni mnunuzi, na watoto wake wanabaki na gari lenye jina la mtu mwingine. Muuzaji akiwa hana imani, anaweza kusema ni lake, aliwaazima tu. Mali ya yatima hapo imeingia kinywani mwa mtu kwa sababu baba aliona ada ya kuhamisha jina ni kubwa. Sharia yetu imepanga kwamba maiti azikwe kwa mali yake, kisha zilipwe deni zake, kisha utekelezwe wasia wake, ndipo mirathi igawiwe. Mpango huo mzuri hauwezi kusimama ikiwa hata haijulikani marehemu alikuwa na nini.

Nasema maneno yangu haya, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni mwingi wa kusamehe.

Khutba ya Pili

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu kwa neema zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wake mwaminifu, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tumeeleza madhara ya kuliacha jina. Sasa tueleze namna Mwislamu anavyouza chombo chake akalala usingizi wa amani.

La kwanza, na auze kwa kubainisha aibu ya kitu chake. Imam Muslim amepokea kwamba Mtume alipita sokoni penye fungu la chakula, akatia mkono ndani yake, vidole vyake vikapata maji. Mwenyewe akasema kwamba kimenyeshewa na mvua. Mtume akamwambia kwamba angeliiweka ile sehemu iliyolowa juu, watu wapate kuiona, kisha akajitenga na kila anayeghushi. Fungu la chakula la leo ni gari ambalo mtambo wake wa maili umerudishwa nyuma. Ni gari lililopinduka likanyoshwa bodi na kupakwa rangi mpya. Ni injini iliyobadilishwa, nambari yake isilingane na kitabu. Na kwa ndugu zetu wa Lamu, Kwale na Kilifi, ni mashua yenye mbao zilizooza, iliyopigwa rangi vizuri ili mnunuzi asione. Aliyenunua chakula kilicholowa amepata hasara ya chakula. Aliyenunua breki mbovu au ubao uliooza atawapakia watu ndani yake.

Na katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kwa Hakim bin Hizam, Mtume ametueleza kwamba wauzianao wana hiari maadamu hawajaachana. Wakisema kweli na wakabainisha, biashara yao hutiwa baraka. Na wakificha na kusema uwongo, baraka hufutwa. Muuzaji aliyeongeza shilingi elfu hamsini kwa kuificha aibu hakuongeza kitu. Amebadilisha baraka kwa karatasi.

La pili, na ahakikishe kwamba anachokiuza ni chake, tena kimefunguka. Magari mengi leo hununuliwa kwa mkopo, na jina la benki huandikwa pamoja na la mtu katika kitabu. Chombo hicho ni rahani, na wanavyuoni wetu wamesema kwamba mwenye rahani haiuzi bila ya idhini ya aliyeishika. Kadhalika mnunuzi naye asitegemee maneno matamu. Nchi yetu inamruhusu kulipa ada na kuuliza daftari linasema nini juu ya gari lile. Na tangu Sheria ya mwaka 2017 ya dhamana za mali isiyokuwa ya ardhi, kuna daftari la kuonyesha mali iliyowekwa dhamana. Kuuliza huko si kumdhania mtu vibaya. Ni kumwondolea mtu dhana mbaya kabla haijazaliwa.

La tatu, kila sharti na litajwe waziwazi wakati wa kupatana. Jabir bin Abdallah, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alimwuzia Mtume ngamia wake wakiwa safarini, akataja kwamba atampanda mpaka wafike Madina. Mtume akakubali. Walipofika, akamlipa thamani yake yote na zaidi, kisha akamrudishia na ngamia pia kwa ukarimu wake. Tazameni adabu hiyo. Sharti lilikuwa dogo, la safari ya siku chache, na waliouziana walikuwa Mtume na sahaba wake; hata hivyo lilitajwa mwanzo wala halikuachwa likae moyoni. Basi nanyi mkiuziana, semeni: ni nani atakayelipa ada ya kuhamisha jina? Fedha zikilipwa kidogo kidogo, kitabu kitakaa kwa nani, na mpaka lini? Gari likiharibika kabla ya malipo kumalizika, hasara ni ya nani? Yaandikeni hayo, mtie sahihi, na mashahidi wawili waaminifu watie sahihi zao, mwandike tarehe na hata saa. Saa ina maana, kwa kuwa ajali hutokea kwa saa.

La nne, mtu asitie sahihi yake katika fomu tupu. Ilikuwa mazoea katika nchi yetu muuzaji kutia sahihi karatasi ya kuhamisha jina bila ya kuandikwa jina la mnunuzi, ikawa inazunguka na gari kutoka mkono hadi mkono. Leo kazi hii hufanywa kwa mtandao wa serikali chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, na ile tabia imevaa nguo mpya: mtu humpa dalali neno lake la siri, akamwambia amalize mwenyewe. Sahihi ni ushahidi, na neno la siri ni sahihi. Anayeitoa juu ya asilolijua ameshuhudia asilolijua.

Na katika utaratibu huo mpya kuna jambo la kupendeza, lau tungelizingatia. Muuzaji huanzisha ombi kwa jina lake, akamtaja mnunuzi. Na mnunuzi, kwa jina lake, hulikubali. Hiyo si nini ila ijabu na kabuli, zikirudiwa mbele ya shahidi asiyesahau? Yule aliyesema kwamba dini ni ijabu na kabuli na karatasi ni ya serikali, na atazame vizuri. Atakuta karatasi imekuja kuhifadhi maneno yale yale aliyoyatamka.

La tano ni kwa wenye vyombo vya baharini. Mashua na boti nazo zina leseni na ukaguzi wake chini ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na za uvuvi zina usajili wake katika idara ya samaki. Msiseme kwamba diko zima linamjua mwenye mashua. Diko linamjua leo. Kusi likivuma na chombo kisirudi, watu wa mbali watakuja kuuliza ni cha nani, kilibeba wangapi, na kilikaguliwa lini kwa jina la nani. Ajibuye maswali hayo yapasa awe ni mwenyewe wa kweli.

Na wewe dalali, ndugu yetu, kazi yako ni halali na ujira wako ni halali. Lakini usiseme kazi imekwisha kwa kuwa umepokea fungu lako. Wafuate wawili hao mpaka jina lihame. Ukifanya hivyo, umewasaidia katika wema; na ukiwaacha wakiwa hawajui, umewaacha njiani gizani.

Labda atasema mtu, "Mimi nimekwisha uza zamani, na aliyenunua simjui alipo." Tunamwambia: mlango haujafungwa. Mtafute uliyemwuzia, mwandikiane hata leo, na wewe nenda utoe habari kwa wanaohusika kwamba chombo hicho si chako tena. Na wewe uliyenunua ukachelewa, mwendee mwenzako, mtake radhi kwa hofu uliyomwekea miaka yote hiyo, na ulipe ada inayokupasa. Na wewe ambaye umelipwa thamani yako yote, kisha unakizuia kitabu cha gari ili uongezwe kitu, jua kwamba unashika mali ya mtu. Kitabu ni amana mkononi mwako, na amana hurudishwa kwa wenyewe.

Ndugu zangu, mkirudi majumbani baada ya sala, fungueni masanduku yenu, mtazame vitabu vya vyombo vyenu. Tazameni ni jina la nani limo humo. Kisha kila mmoja na ajiulize: nikiitwa usiku huu na Mola wangu, jina hili litawaambia watoto wangu kweli, au litawaambia uwongo? Msiwaachie jambo hilo wanasheria. Limo katika uwezo wa mikono yenu wiki hii.

Ewe Mola wetu, turuzuku riziki za halali, na utubarikie katika tununuacho na tuuzacho. Ewe Mola, tufanye tuwe wakweli tunaposema, waaminifu tunapoaminiwa, na wenye kutimiza tunapoahidi. Ewe Mola, wahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu na wa baharini, na walioumizwa njiani uwaponye, na waliodhulumiwa uwarudishie haki zao. Wasamehe wazee wetu na wote waliotutangulia, na ututoe duniani hali ya kuwa hatudaiwi na mtu. Ewe Mola, ijaalie nchi yetu amani na uadilifu, na uwaongoze wanaotutawala katika yenye kheri.

Simameni kwa sala, Mwenyezi Mungu akurehemuni.